Meno ya Upande wa Kushoto

Jino la saba lilipofunguliwa, Bi Jokha ndiye aliyekuwa ameshika bomba la kunyonya mate, kwa hiyo aliona yote. Alimwona Daktari Felicitas akichokoa kiziba cheupe kwa kindoano chake, polepole kama mtu anayechambua mchele. Juu kiziba kilikuwa kigumu kama kikombe cha kauri. Chini yake kikatoka kitu laini, chenye kunata, kama ubani uliotafunwa. Daktari akakipangusa kwenye pamba, akaileta pamba kwenye mwanga, akamgeuzia Daktari Brightson.

"Jionee mwenyewe."

Brightson akainama, akatazama.

Kwenye kiti alikuwa mwalimu Bupe, anayefundisha darasa la nne hapo jirani, mwanamke wa maneno mengi hata akiwa na pamba mdomoni. Akauliza kitu ambacho hakikutoka sawasawa. Bi Jokha akamwekea mkono begani.

"Tulia, mwalimu. Bado kidogo tu."

"La kushoto tena," akasema Daktari Felicitas. Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa afadhali. Alingoja mpaka mwalimu amezibwa upya, amesukutua na kwenda kukaa nje, ganzi imwishe, ndipo akavua glovu zake. "Saba kati ya ishirini, Brightson, na yote yako. Mie sina la kuongeza. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, tuagane kwa wema. Na kwenye kikao nitasema nilichokiona. Njia hii haifai."

"Sawa, mama," akajibu Brightson.

"Na hizo dawa zako zilizobaki zitupwe. Bi Jokha, tupa."

Kliniki yenyewe iko Tandika, ghorofani juu ya duka la magodoro. Bi Jokha alikuwa na mwaka wa tisa pale. Alianza kwa kupiga deki, eda ya mumewe Hashil ikiwa imekwisha wiki ile ile, hajui aanzie wapi maisha. Akapanda taratibu: kuosha vyombo, kuvipanga kwenye mashine ya mvuke, mpaka kushika bomba na kumpa daktari anachokitaka kabla hajakitaja. Shule aliishia darasa la saba. Lakini macho alikuwa nayo, na mikono yake haikuwa na haraka. Daktari Felicitas alikuwa akiwaambia wageni, "Mkitaka kuona usafi, tazameni chumba cha Bi Jokha," na yeye alikuwa akiinamisha uso, huku moyoni akifurahi kuliko alivyopaswa.

Brightson alikuja mwaka juzi, mrefu, mwembamba, mpole, mtu anayetembea kama anaogopa kuamsha mtoto. Ndiye aliyekuja na njia mpya. Bi Jokha aliukumbuka mjadala wao wa kwanza, maana ulifanyika yeye akiwa anakausha vioo.

"Mama, hii dawa mpya unajaza shimo lote mara moja, unawasha taa, umemaliza," Brightson alisema. "Mgonjwa hakai amefumbua mdomo mpaka taya zinakufa."

"Na mie naziba tabaka kwa tabaka tangu wewe unatambaa. Tabaka jembamba, taa. Tabaka jembamba, taa. Na hakuna jino langu lililorudi."

"Yamerudi, mama. Yamerudi kwa madaktari wengine."

Walicheka wote, na Daktari Felicitas akacheka zaidi. Ndipo wakakubaliana kulinganisha, si kwa maneno bali kwa meno. Wakatafuta wagonjwa ishirini wenye mashimo pande zote mbili, wakawaeleza, nao wakaridhia. Upande wa kulia Daktari Felicitas aliziba kwa tabaka. Upande wa kushoto Brightson alijaza mara moja. Siku ile ile, kiti kile kile, taa ile ile. Baada ya nusu mwaka wangeitwa wote wakaguliwe, na majibu yangesomwa mbele ya madaktari wenzao kwenye kikao chao cha mwaka.

Sasa nusu mwaka umetimia, na majibu ndiyo hayo.

Mwalimu Bupe alipokuwa bado nje anajipapasa shavu, Brightson alirudi chumbani peke yake.

"Bi Jokha, naomba taa."

"Hii hapa, mwanangu."

Taa yenyewe ni kitu kama bastola ndogo nyeupe, ina mdomo wa kioo unaotoa mwanga wa bluu. Dawa ya kuzibia ni laini kama unga uliokandwa mpaka mwanga ule uiguse. Ukiigusa, inakuwa jiwe. Bi Jokha akafanya kama afanyavyo kila siku daktari anapotaka kuipima: akavua kifuniko cha nailoni mdomoni mwa taa, akaufuta mdomo kwa spiriti, akampa ikiwa safi na tupu. Brightson akaibana kwenye kipimo cha mwanga, akawasha. Akapima mara ya pili. Akapima mara ya tatu.

"Inasoma vizuri," akasema. "Basi si taa." Akaitazama mikono yake, kiganja na mgongo, kama mtu anayetafuta kilipomchoma kijiti. "Basi ni mie."

Akarudisha taa, akatoka.

Bi Jokha akabaki amesimama, mkono mmoja una taa, mkono wa pili una kile kifuniko alichokivua. Akakitazama. Halafu akaketi kwenye kigoda cha daktari, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu aajiriwe.

Kifuniko kile alikibuni mwenyewe. Zamani zilikuwa zinakuja soksi za nailoni nyembamba mno, zilizotengenezwa kwa ajili ya taa. Mwaka jana zikaisha. Clara, binti wa mapokezi, akasema zimeagizwa, zinakuja, na hazikuja. Daktari Felicitas akasema basi tumia nailoni ile laini ya kufunikia chakula, kipande kimoja, kila mgonjwa na chake. Bi Jokha akatii. Ila siku moja ile nailoni ilichanika mdomoni mwa mzee mmoja aliyekuwa akitoka damu, na damu ikaingia mpaka kwenye kioo cha taa. Alikisugua kioo kile mara saba. Usiku hakulala vizuri. Alifikiri: mdomo wa mtu ndimo anamosomea Fatiha, ndimo anamotajia jina la Mola wake, nami nikamtilie damu ya mwenziwe?

Nyumbani kwake Yombo alikuwa na vile vifuko virefu vyembamba vya kufungia barafu za ubuyu, anazowagandishia wajukuu. Alipokijaribu kimoja kwenye taa, kiliingia kama kimeshonewa. Kigumu, hakichaniki. Akaona vikiwa viwili, kimoja ndani ya kingine, ndiyo usalama kamili. Akawa anavikata, anavichemsha, anavikausha, anavivika taa viwili viwili na kufunga kwa mpira. Kila mgonjwa na viwili vyake vipya. Hakumwambia mtu, si kwa kuficha. Ni kazi ya usafi, na usafi ni wake. Nani alishawahi kumuuliza anakunja vipi matambara?

Na hakuna aliyeona, kwa sababu taa ile haitazamwi. Mwanga wake unaumiza macho. Ikiwashwa, daktari anatazama pembeni, mgonjwa anafumba, na yeye mwenyewe anashika kile kibao cha rangi ya chungwa cha kukinga macho na kuangalia ukutani.

Sasa alikiangalia kile kifuko kwa mara ya kwanza kama mtu anayekiangalia kitu cha mgeni. Nailoni ilikuwa na ukungu kidogo, kwa ule mchemsho. Na chini, pale kifuko kinapofungwa kwa moto kiwandani, palikuwa na mshono mnene. Vifuko viwili, mishono miwili, na yote inakaa katikati ya mdomo wa taa.

"Ee Mola wangu," akasema, kwa sauti ya chini.

Lakini hakuwa na uhakika, na kumtaja mtu kwa dhana ni vibaya, hata mtu huyo akiwa wewe mwenyewe. Dawa za Brightson alizoambiwa azitupe hakuzitupa. Alizitia kwenye mfuko wa kaniki aliokuwa akibebea msala wake.

Kesho yake, Jumatano, adhuhuri, wenzake walipokwenda kula, alijifungia kwenye chumba cha vyombo. Akaswali kwanza. Halafu akachukua mrija wa soda, akaukata vipande vifupi, urefu wa ukucha wa kidole kidogo. Akavisimamisha juu ya kioo, akavijaza dawa ya Brightson mpaka juu, kama mtu anayejaza shimo la jino.

Kipande cha kwanza akakimulika na taa tupu, akihesabu mpaka ishirini. Cha pili akakimulika na taa iliyovikwa vifuko viwili, akihesabu vile vile. Kisha akafikiri, akachukua cha tatu, akakijaza kwa njia ya Daktari Felicitas, na dawa ya Daktari Felicitas: tabaka jembamba, taa na vifuko vyake, tabaka jembamba, taa na vifuko vyake, mpaka juu.

Akachukua njiti ya kiberiti, akavigeuza vipande chini juu, akakwangua.

Cha kwanza kigumu mpaka chini. Cha tatu, kile cha tabaka, kigumu vile vile. Mwanga dhaifu ulitosha kupenya tabaka jembamba. Cha pili njiti ilizama. Ikatoka na kitu laini, chenye kunata, kile kile alichokiona kwenye pamba ya mwalimu Bupe.

Akarudia kuanzia mwanzo. Ikawa vile vile.

Haikuwa njia ya Brightson, wala mikono ya Brightson. Ilikuwa nailoni ya barafu.

Ungedhani angetoka pale pale akaseme. Hakusema. Alivitupa vifuko vyote vilivyobaki isipokuwa kimoja, akarudi kwenye nailoni laini ya kufunikia chakula, safari hii akiukagua mdomo wa taa baada ya kila mgonjwa. Akajiambia, kuanzia leo hakuna atakayeumia. Vile vipande vitatu vya mrija akavifunga kwenye kitambaa, akavitia mfukoni. Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Kila alipofungua mdomo, alijiona anarudi nyumbani na khanga yake begani, na watu wa mtaa wakisema, yule Bi Jokha wa kliniki kumbe ndiye aliyekuwa akiharibu meno ya watu. Miaka tisa ya sifa, na zote kwa kitu kimoja, usafi. Na hicho hicho ndicho kilichoharibu.

Ijumaa Clara alikuwa na hamu ya utani.

"Jamani, Dokta Uji kaingia?" akauliza, akiandika majina.

"Nani huyo?" Bi Jokha akauliza.

"Bi Mkubwa nawe. Brightson. Si anaziba watu meno kwa uji?"

"Clara, mwanangu, acha."

"Mie nimeacha, wagonjwa ndio hawajaacha. Jana kuna baba kanipigia simu, ananambia nisimpangie yule wa kushoto. Namuuliza wa kushoto nani, anasema yule anayeziba kushoto."

Brightson alikuwa mlangoni. Hawakujua ameingia lini. Akasalimia, "Shikamoo, Bi Jokha," kama kila siku, na alipoitikiwa akapita kwenda chumbani kwake. Kupitia mlango uliobaki wazi Bi Jokha alimwona akishusha cheti chake ukutani. Alikifuta vumbi kwa kiwiko, akakiegemeza sakafuni, uso ukitazama ukuta.

Kitu hicho ndicho kilichomvunja. Alimaliza siku akiwa hajui alichokula.

Jumamosi asubuhi alimfuata Daktari Felicitas ofisini, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Hakuketi.

"Daktari, nina neno. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nikikatizwa sitaweza kuanza tena."

Alimweleza yote. Akafungua kitambaa, akampangia vile vipande vitatu mezani, na kifuko kimoja cha barafu alichokibakiza kwa ushahidi. Daktari Felicitas akavaa miwani. Akakwangua mwenyewe, kwa kindoano, kimoja kimoja. Chini watu wa dukani walikuwa wakishusha magodoro kwenye gari.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mungu, mie, na wewe."

"Basi ibaki hapo hapo."

Bi Jokha alidhani hakusikia vizuri.

"Keti, Bi Jokha. Keti, dada yangu." Daktari akavua miwani. "Wewe ulikosea kwa nia njema, na umeshaacha. Mie nimewaambia wagonjwa saba kwamba njia mpya ndiyo mbaya. Wameelewa, tumewaziba upya, wameondoka. Leo niwaite ishirini niwaambie haikuwa njia, ilikuwa kliniki yangu, ilikuwa taa yangu, nilikuwa nimesimama pale pale sioni? Na hao wengine wote tuliowaziba mwaka mzima na vifuko hivyo? Unajua maana yake?"

"Najua, Daktari. Ndiyo maana nilinyamaza siku tatu."

"Sasa. Brightson nitamwandikia barua nzuri, atapata kazi kokote. Ni kijana. Wewe umri huu utakwenda wapi?"

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha Bi Jokha. Angetishwa kwa maneno makali angejua la kufanya. Hapa alikuwa anapewa kile kile alichokuwa akikiomba kimoyomoyo tangu Jumatano: kazi yake, jina lake, na kimya. Na kilikuwa kinatoka kwa mtu aliyemwinua kutoka kwenye ndoo ya deki.

Akakusanya vile vipande, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye kitambaa.

"Daktari, wewe umenifanyia wema sitausahau. Lakini hii ni dhulma. Yule kijana ameshusha cheti chake ukutani. Anadhani Mungu hakumpa mikono. Mie nikinyamaza nitakuwa nimemtolea ushahidi wa uongo bila kufumbua mdomo."

"Bi Jokha."

"Kwenye dini yangu ushahidi haufichwi, hata ukikuelemea mwenyewe. Nadhani na kwenye yako."

Daktari Felicitas aligeuza uso dirishani. Alipokuwa anatoka, Bi Jokha alimsikia akisema nyuma yake, kwa sauti isiyo na nguvu, "Fanya utakavyo. Lakini usiniambie sikukuonya."

Brightson alikuwa chumbani kwake anafunga vitabu kwenye boksi la sabuni. Bi Jokha akamwita mwanangu, akamwomba aketi. Safari hii hakueleza kwanza. Alimpa vile vipande na kindoano.

"Kwangua chini."

Akakwangua. Alipofika kwenye cha pili akasimama. Akarudia. "Hii ni dawa yangu?"

"Ni yako."

"Ulimulika kwa taa ipi?"

"Hii hii. Na hiki ndicho nilichokuwa nikiivika." Akatoa kifuko. "Viwili. Wewe kila ulipotaka kuipima, mie nilikivua kwanza. Nilikuwa nakupa ikiwa safi."

Alingoja kuona uso wake ukifunguka. Haukufunguka. Brightson alikichukua kifuko, akakivuta kati ya vidole, akaupapasa mshono kwa kidole gumba. Bi Jokha aliona anahesabu kitu kichwani.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa mfungo sita, mwaka jana."

"Umejua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano," akarudia. Akaweka kifuko chini. "Bi Jokha, Alhamisi nimempigia simu mama yangu. Nimemwambia udaktari umenishinda, narudi nyumbani, nitafute kitu kingine. Mzee wangu aliuza shamba nisome. Mama alilia kwenye simu, mie nikamfariji." Hakuwa anapiga kelele. "Jumatano ulikuwa unajua. Mbona hukusema siku ile ile?"

Alikuwa na majibu mengi. Umri wake, upweke wake, sifa zake. Aliyatazama yote akaona hakuna hata moja la kumpa mtu.

"Niliogopa," akasema.

Brightson akachukua kalamu, na nyuma ya karatasi iliyokuwa ndani ya boksi akaanza kuandika majina. Aliandika ishirini kwa kumbukumbu. Halafu akaandika tarehe, akaanza kuhesabu wale wengine, waliozibwa nje ya ulinganisho, wake na wa Daktari Felicitas.

"Meno ya tabaka, mengi yatakuwa yamepona," akasema, kama anasema peke yake. "Tabaka ni jembamba. Lakini yatazamwe. Haya kumi na tatu ya kwangu ambayo hayajauma, hayo ndiyo mabaya. Yanaoza kimyakimya." Akasimama, akachukua karatasi na vile vipande, akaenda ofisini kwa Daktari Felicitas, akafunga mlango.

Walikaa ndani zaidi ya saa. Clara alikuja mara mbili na maswali ya wagonjwa, akarudi. Sauti ya Daktari Felicitas ilipanda, ikashuka. Mara moja Bi Jokha alimsikia Brightson waziwazi: "Mama, sisi hatukulinganisha njia mbili. Tulipima nailoni. Ukisimama mbele ya wale watu ukasema vingine, kesho kuna daktari ataacha kitu kizuri kwa sababu yetu."

Walipotoka, Daktari Felicitas macho yake yalikuwa mekundu. Alizungumza na wote watatu pale mapokezi, amesimama. Kikao kitaambiwa ulinganisho umeharibika, na sababu yake. Wagonjwa wote kwenye orodha wataitwa wakaguliwe, na watakaohitaji watazibwa upya. Brightson atabaki mpaka kazi hiyo iishe; baada ya hapo ataamua mwenyewe. Halafu akageuka.

"Bi Jokha, taa hutaishika tena. Wala bomba. Utarudi kwenye usafi wa sakafu. Na kwa kuwa ulitaka isemwe, utakaa hapa mbele na Clara, uwaambie wagonjwa wewe mwenyewe kwa nini wameitwa."

"Sawa, Daktari."

Clara hakuwa na utani siku ile. Alimsogezea kiti.

Wa kwanza alikuja Jumatatu. Mzee Ansbert, fundi cherehani wa pale karibu na soko, mtu mzima mwenye mkanda wa kupimia shingoni kama amesahau kuuvua. Bi Jokha alimkalisha, akamwamkia, akamweleza bila kuzunguka: jino lako la kushoto lilizibwa vibaya, juu limekauka na chini halijakauka, na aliyesababisha ni mimi, kwa kifuniko nilichoivika taa. Daktari hakukosea.

Mzee Ansbert alimsikiliza mpaka mwisho.

"Linauma?" akauliza mzee.

"Wewe ndiye wa kusema, mzee wangu."

"Haliumi. Natafunia mhindi wa kuchoma." Akagonga shavu kwa kidole. "Sasa mnataka mnichomee tena sindano, mchimbe jino lisiloniuma, kwa sababu wewe ulivika taa soksi?"

"Litaharibika ndani kwa ndani. Utakapolisikia litakuwa limefika kwenye mshipa."

"Na nitajuaje leo mnasema kweli? Mara ya kwanza mliniambia hili ndilo jipya, la kisasa. Wiki iliyopita binti huyu kanambia kwenye simu la kisasa ndilo bovu. Leo mama wa kufagia ananambia la kisasa zima, bovu ni yeye." Akasimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka nao. "Nyie kakubalianeni kwanza."

Akashuka ngazi. Bi Jokha akamfuata mpaka chini, ndala zikimpiga visigino, akamwita kwa jina mbele ya duka la magodoro. Mzee alinyanyua mkono bila kugeuka, akaendelea kuelekea sokoni, akapotea nyuma ya mkokoteni wa maji.

Alipanda ngazi polepole. Clara alikuwa tayari ameshika kalamu juu ya orodha.

"Niandike amekataa?"

"Nipe mie niandike."

Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa darasani, kila herufi imesimama peke yake. Aliandika *amekataa*. Akatazama neno lile. Kisha chini yake, kwenye ile nafasi ndogo iliyobaki, akabana maneno mengine: *Bi Jokha amfuate kazini kesho baada ya alfajiri, na keshokutwa.* Akampa Clara kalamu yake, akachukua ndoo, maana ngazi zilikuwa na matope ya viatu, na mgonjwa wa pili alikuwa ameshaanza kupanda.